Ngozi ya Nani

Siku soksi iliyojazwa mchele ilipochomoka kifuani mwa Shangazi na kuingia kwenye mashine ya kupigia pasi mashuka, kazi ilisimama chumba kizima cha kufulia.

Mashine ile ni ndefu kama kitanda cha watu wanne. Wanawake wawili husimama upande huu wakiingiza shuka bichi, wawili husimama upande wa pili wakilipokea likiwa kavu, limenyooka, la moto. Anayeingiza hana budi kuinua mikono yote miwili hadi juu ya kichwa, alikung'ute shuka, kisha alitandaze. Shangazi aliinua mikono, kifungo cha blauzi kikaachia, soksi ikateleza ikadondoka juu ya shuka, na kabla hajaiwahi ikamezwa. Ilipasukia ndani. Shuka lilitokea upande wa pili limetapakaa punje zilizoganda kwa joto, kama mtu aliyeugua tetekuwanga.

Msimamizi akabonyeza kitufe chekundu. Aliuliza ni nani aliyeleta chakula kwenye mashine. Shangazi akasema ni yeye.

"Mchele mbichi?" msimamizi akauliza. "Ndani ya soksi?"

"Napenda kuutafuna," Shangazi akajibu.

Wenzake wakainamisha nyuso. Alipewa barua ya onyo, akaitia sahihi bila kuisoma. Siku hiyo hakurudi kwenye mashine. Aliomba apelekwe nyuma, kwenye kuchambua taulo chafu, kazi ambayo kila mtu huikimbia kwa ajili ya harufu, maana kule mtu hufanya kazi ameinama na hakuna anayemtazama kifua.

Mwaka mmoja na miezi mitatu kabla ya hapo alikuwa ameondolewa ziwa la kulia. Hospitali walimpa sponji ya kushikiza kwa muda, nyepesi kama mkate ulioumuka, ambayo ilikuwa ikipanda taratibu hadi kufikia begani kila anapofanya kazi. Walimwambia angoje barua ya kuitwa kupimwa la kudumu. Barua ilitumwa anwani ya zamani, na alipokwenda kuuliza aliambiwa alikwisha kuitwa, hakutokea, arudi mwisho wa foleni. Ndipo akabuni ile soksi, kwa sababu mchele una uzito, nao ukitulia kwenye sidiria mtu anaweza kujisahau. Alijisahau miezi minne.

Jina la Shangazi alipewa na watoto wa mdogo wake, nalo likamfuata hadi kazini baada ya wenzake kuwasikia kwenye simu. Aliishi kwa huyo mdogo wake, dereva wa lori la maziwa, mtu mpole aliyekuwa akitoka alfajiri na kurudi mchana akiwa hoi. Mambo ya ugonjwa wa dada yake aliyajua kwa jina la uvimbe. Uvimbe umeonekana, uvimbe umetolewa, tumshukuru Mungu. Hakuuliza ulikuwa wapi, na wanawake hawakumwambia.

Aliyejua kila kitu ni Wifi. Yeye alikuwa karani wa mapokezi kwa daktari wa meno, msomi wa lugha ya pale ugenini, mwepesi wa vidole kwenye simu na kompyuta. Ndiye aliyempeleka Shangazi hospitali, akamfasiria, akakaa naye kwenye benchi siku ya upasuaji. Hilo hakuna anayeweza kumnyang'anya. Lakini wahenga walisema tenda wema uende zako, na Wifi alitenda wema akabaki palepale kuulinda. Halipiti juma bila benchi lile la hospitali kutajwa. Watoto walikuwa na utani kwamba nyumba yao ina wifi wawili, mmoja wa ukutani mwenye taa ya kijani na mmoja wa jikoni mwenye macho makali, na wote wawili hukatika mtu anapowahitaji. Shangazi aliwakanya. Hata hivyo alicheka.

Jioni ya siku ile ya mchele alimfuata Wifi sebuleni akamwomba amwagizie ziwa la bandia kwenye mtandao. Aliwahi kuona picha zake hospitali. Pesa alikuwa nazo. Tatizo kadi yake ya benki ilikuwa ya kuchukulia mshahara tu, mtandaoni ilikataliwa, na duka lenyewe lilitaka namba ya simu na anwani zinazolingana na jina la mwenye kadi. Wifi alivuta pumzi kama mtu aliyeombwa figo, akafungua simu.

Kulikuwa na picha za wanawake wanaocheka wakiwa wamevaa sidiria. Shangazi hakuelewa wanacheka nini. Wifi alikuwa akisoma haraka haraka, akipitisha kidole gumba kabla mwenzake hajaona vizuri. Upande gani? Kulia, Shangazi akasema, akijigusa. Ukubwa gani? Akamwonyesha namba ya sidiria. Rangi zilikuwa tatu: moja iliitwa mchanga, moja rangi ya ngozi, moja kahawia iliyokolea. Shangazi akaweka mkono wake karibu na kioo cha simu, akachagua hiyo ya mwisho. Wifi akabonyeza hapa na pale, akasema tayari, akarudi kwenye tamthilia yake.

Baada ya wiki mbili likaja la kushoto.

Shangazi alilijaribu mbele ya kioo cha bafuni, akaona linavyomtazama pembeni kama jicho lenye makengeza. Wifi akawaandikia. Jibu lilikuja kwamba katika duka lao kulia ni kulia kwa mtazamaji, jambo ambalo limeelezwa wazi chini ya ukurasa.

"Mtazamaji yupi?" Shangazi akauliza. "Waulize, nani huyo anayenitazama?"

Wifi hakuuliza. Kulirudisha kulichukua mwezi. Kulitaka karatasi ya kuchapishwa, na nyumbani hakukuwa na mashine ya kuchapa, kwa hiyo Wifi akaichapa kazini kwake, na siku alipoileta aliiweka mezani kama mtu anayeweka mzigo wa kuni. Alisema mwajiri wake amemtazama vibaya. Shangazi akashukuru. Akashukuru tena walipokuwa wanakula, kwa sababu aliona ile ya kwanza haijatosha.

La pili lilikuja upande sahihi. Aliingia nalo bafuni, akafunga mlango kwa komeo, akafungua boksi, akakuta kitu cheupe chenye wekundu kidogo, kama kiazi kilichomenywa kikasahauliwa kwenye maji. Alilishika muda mrefu. Uzito ulikuwa wenyewe. Lilikuwa laini, linatulia mkononi. Akaliweka kifuani, akaangalia kioo, akaliondoa upesi. Aliona kama ameshonewa kiungo cha mtu mwingine, mtu asiyemjua, tena bila kuombwa ruhusa wote wawili.

Safari hii alikaa bega kwa bega na Wifi, wakaandika pamoja. Kwanza walijibiwa na mashine iliyomwita Shangazi kwa jina la Wifi na kumuuliza kama siku yake inaendelea vyema. Wakapita mashine, wakafika kwa mtu. Wifi akaeleza kwa adabu kwamba waliagiza kahawia iliyokolea na wameletewa nyingine. Mtu yule akaandika kwamba anasikitika sana, ila rangi waliyopokea inaitwa rangi ya ngozi na inawafaa wateja wote.

"Mwandikie: ngozi ya nani?" Shangazi akasema.

"Siwezi kuandika hivyo, wifi. Hii akaunti ni yangu."

"Andika."

"Watanifungia."

Shangazi akaichukua simu mkononi mwake, si kwa kunyang'anya lakini si kwa kuomba. Kusoma lugha ile kulimshinda, ila maneno mawili matatu aliweza kuyatunga. Akayaandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, mpaka swali likakamilika. Ngozi ya nani? Jibu likaja kabla hajairudisha simu: asante kwa maoni yako, je, tumekusaidia leo? Chini yake palikuwa na nyota tano tupu za kujaza.

Walikubaliwa kurudisha. Agizo la tatu Wifi alilifanya akiwa peke yake, kazini, wakati wa chakula cha mchana, akasema limekwisha, asisumbuliwe tena.

Siku ya kuletwa, Shangazi alikuwa na mapumziko. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango tangu saa mbili asubuhi, hata chooni alikwenda mbio. Hakuna kengele iliyolia. Saa nane mchana Wifi akamtumia ujumbe aliopokea kwenye simu yake: tumefika, hatukumkuta mtu, kifurushi chako kimepelekwa duka la kona kwa siku saba. Shangazi akafungua mlango, akatazama barabara. Barabara ilikuwa tupu na kavu. Akatukana kwa lugha ya kwao, taratibu, tusi kamili lenye ukoo ndani yake, na mwanamke wa nyumba ya pili aliyekuwa akifuta dirisha akampungia mkono akidhani ni salamu.

Duka la kona liliuza sigara, betri, vifuniko vya simu, na lilichonga funguo. Vifurushi vya mtaa mzima vilirundikwa nyuma ya kaunta. Mwenye duka alikuwa mgeni kama Shangazi, kutoka nchi nyingine ya mbali, na lugha ya pale aliiongea kwa kuikwaruza kama yeye. Mtu angetarajia wageni wawili wahurumiane. Watoto wa mdogo wake walimwita Bwana Sheria, kwa kuwa hakuwa na sentensi isiyoanza na sheria inasema.

Alimwomba kitambulisho. Shangazi akampa. Akakilinganisha na jina la kwenye kifurushi, akakirudisha juu ya kaunta kwa kukisukuma na kalamu.

"Sheria inasema jina lilingane."

Shangazi akaeleza kwamba kimeagizwa na mke wa mdogo wake, akamwonyesha ujumbe wenye namba. Bwana Sheria akasema namba mtu anaweza kuiiba. Nyuma ya Shangazi foleni ilikuwa inakua. Bwana Sheria akaona asimalize ubaya wote siku moja, akamwambia basi ataje kilichomo, kikilingana na maelezo ya kwenye kompyuta atafikiria.

"Vitu vya afya," Shangazi akasema kwa sauti ya chini.

Bwana Sheria akatazama kompyuta. "Hapa imeandikwa nguo za ndani na urembo," akasema, kwa sauti ambayo haikuwa ya chini. "Hailingani. Anayefuata."

Kurudi nyumbani alitembea kwa miguu japo mguu mmoja ulikuwa unamuuma. Alimwomba Wifi aende yeye, ni dakika kumi tu kutoka kazini kwake. Wifi akasema ataenda kesho. Kesho yake daktari alikuwa na wagonjwa wengi. Keshokutwa mvua. Ijumaa alikuwa amechoka. Jumamosi duka lilifungwa mapema, na Jumapili Shangazi alipomkumbusha tena, Wifi akaweka mwiko chini.

"Mwaka mzima nimekuwa tarishi wako," akasema. "Nina kazi, nina watoto, nina mume. Ziwa, ziwa, ziwa. Hilo lenye uhai lilipokuwepo hukulisema hivi."

Shangazi alimaliza kuosha vyombo, akavifuta, akavipanga kabatini, kimoja kimoja. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yeye jembe alilikuta mlangoni siku ile ile aliyoshuka na begi lake, na hakuwahi kuliweka chini.

Jumatatu ilikuwa siku ya saba. Asubuhi, Wifi akiwa anaoga, Shangazi alifungua mkoba uliokuwa juu ya kiti, akatoa kitambulisho, akaondoka nacho.

Alifika dukani akakuta foleni: mama mwenye mtoto kwenye kigari, wanaume wawili wenye maboksi ya kurudisha, kijana anayechongewa ufunguo. Akangoja zamu yake. Bwana Sheria alikipokea kitambulisho, akakitazama, akamtazama, akakitazama tena.

"Huyu si wewe."

"Ni wifi yangu. Umesema jina lilingane. Limelingana."

"Sheria inasema kutumia kitambulisho cha mtu mwingine ni kosa," akasema. Akakitumbukiza kwenye droo, akaifunga droo. "Mwenyewe aje akichukue. Na nikitaka naweza kuita polisi."

Kuna hasira inayompanda mtu ikamtetemesha, na kuna inayoshuka ikamtuliza kama dawa. Hii ya Shangazi ilishuka. Aliweka mkoba wake juu ya kaunta, akaweka viganja viwili kando yake.

"Unataka kujua kilichomo?" akasema. "Nitakuambia. Ni titi."

Lugha ya pale hakuijua kwa adabu. Neno alilolijua ni lile wanalotaniana nalo wafanyakazi wa kufulia, neno la kuandikwa ukutani, na ndilo alilolitamka, kwa sauti yake yote. Mashine ya kuchonga ufunguo ikazimwa. Mama mwenye kigari akamvuta mtoto karibu, kana kwamba neno lingemrukia.

"Mama, hapa ni dukani," Bwana Sheria akasema.

"Najua ni dukani. Nimekuja kuchukua titi langu. La zamani wamelikata." Akaingiza mkono kwenye kola ya blauzi, akaitoa ile sponji ya hospitali, akaiweka kwenye kaunta katikati ya viberiti na vifuniko vya simu. Upande wa kulia wa blauzi ukalala. "Nilichonacho ni hiki. Langu limo humo. Fungua."

Bwana Sheria aliitazama sponji, halafu akatazama rundo la vifurushi, kama mtu anayetafuta kifungu cha kujitetea. Akakivuta kifurushi. Shangazi aliona vizuri kwamba hakufanya hivyo kwa huruma. Alikuwa na hasira ya mtu aliyevuliwa mamlaka mbele ya wateja wake. Akachana utepe kwa kisu, akafunua boksi, akaligeuza kumwelekea Shangazi.

Lilikuwa jeupe. Lile lile, kiazi kile kile, wekundu ule ule.

Shangazi akalitazama. Nyuma yake mama mwenye kigari akanong'ona neno la kumpa pole. Akageuka, akamwambia pole yake abaki nayo.

Bwana Sheria alikuwa amekwisha kuona mwanya wake. Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi, naye karatasi hazimpiti. Akaichukua, akaisoma kwa sauti, polepole, akihakikisha kila neno limefika. "Rangi iliyoagizwa imekwisha. Mteja amekubali kupokea rangi mbadala." Akamwonyesha kwa ncha ya kalamu: kisanduku kidogo chenye alama ya vema. "Umekubali mwenyewe. Duka halina kosa. Mimi sina kosa."

"Kitambulisho," Shangazi akasema, akinyoosha mkono.

Akampa. Shangazi alichukua boksi, karatasi, sponji na mkoba, akatoka nje akiwa vile vile, upande mmoja umelala, na hakuna hata mmoja kwenye foleni aliyethubutu kumtazama usoni.

Kazini alikwenda, akachambua taulo hadi zamu yake ikaisha. Aliporudi jioni, Wifi alikuwa anamngoja mezani pamoja na mumewe. Watoto walikuwa wamepelekwa chumbani, na televisheni ilikuwa imezimwa, jambo lisilo la kawaida katika nyumba ile.

"Kitambulisho changu umekiiba," Wifi akaanza. "Nimeaibika leo. Nimekwenda benki nikarudishwa kama mwizi, kumbe mwizi nimelala naye nyumba moja."

Shangazi akaweka kitambulisho mezani. Akaweka na karatasi juu yake.

"Hii alama nani ameitia?"

Wifi akaisoma. Hakuhitaji muda mrefu. "Mimi."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili. Kahawia ilikuwa inasema subiri wiki kumi na mbili. Nisingeitia ungekuwa unasubiri mpaka leo, na mimi ungeniua kwa maswali."

"Tumekaa hapa wote. Nimeandika ngozi ya nani kwa kidole changu, wewe umekaa kando yangu. Ukanyamaza."

"Ningesema nini?"

"Ungeniuliza mwanzoni."

"Kukuuliza wewe ni kesi!" Wifi akasimama. "Kwani ulitaka ziwa au ulitaka rangi? Litakaa ndani ya sidiria, ndani ya blauzi, ndani ya sweta. Niambie, nani atakayeliona?"

"Mimi," Shangazi akasema. "Kila asubuhi naliona mimi."

Yule mdogo wake alikuwa ameshika kikombe. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine, kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeingia chumba chenye giza, "Ziwa gani?"

Ndipo Shangazi akamwambia, kwa maneno machache, akimwonyesha kwa mkono uvimbe ulikuwa wapi na nini kilitolewa. Wifi akaongeza kwamba hakuambiwa kwa sababu hakuuliza. Mdogo wake akainuka, akaenda kwenye sinki, akaosha kikombe ambacho bado kilikuwa na chai.

"Mngeniambia," akasema akiwa amewapa mgongo.

"Ungefanya nini?" dada yake akamuuliza.

Bomba liliendelea kumwaga maji. Wifi hapo akafungulia yake yote: benchi la hospitali, miadi aliyomfasiria, karatasi alizomchapia, kazi aliyonusurika kufukuzwa, chumba cha watoto kilichogawanywa kwa pazia. Akisema haya alikuwa analia, na machozi yenyewe yalikuwa ya kweli.

"Ulinipeleka hospitali, wifi, na nilikushukuru," Shangazi akasema. "Tangu siku hiyo umenishukurisha kila uchao. Sasa shukrani zimekwisha. Sina zingine."

"Basi hama."

"Nahama."

Walimtazama mwanamume aliyekuwa kwenye sinki, kila mmoja akingoja aseme neno. Alifunga bomba, akajifuta mikono, akaenda kuwaangalia watoto.

Shangazi alihama baada ya siku kumi na moja. Alipata chumba mtaa wa pili kutoka kazini, chenye dirisha linalotazamana na ukuta, jiko la kuchangia na mlango wenye ufunguo wake mwenyewe. Begi lilibebwa na mdogo wake kwenye lori la maziwa. Walipofika alikagua kitasa, akakagua bomba, akagonga ukuta kwa vidole kama mtu anayenunua tikiti maji, akasema chumba si kibaya. Wifi hakutoka kuaga. Watoto walilia.

Lile ziwa jeupe hakulirudisha. Kulirudisha kulihitaji namba ambayo ingetumwa kwenye simu ya Wifi, na simu ile hakuwa tayari kuipigia. Usiku wa kwanza aliliacha ndani ya boksi. Wa pili pia. Siku ya tatu, anajiandaa kwenda kazini, alilivaa huku amekipa mgongo kioo. Lilikuwa baridi kama chura, kisha baada ya dakika chache likapata joto lake, likatulia. Mgongo uliokuwa ukimuuma mwaka mzima ukaacha kumuuma kabla wiki haijaisha. Akarudi kwenye mashine, akainua mikono hadi juu ya kichwa, akakung'uta shuka, hakuna kilichosogea. Alilichukia kila asubuhi alipolivaa na kila jioni alipolivua, na hakuna siku aliyoliacha nyumbani.

Baadaye alifungua akaunti ya benki nyingine na akaunti yake mwenyewe kwenye duka lile. Fomu ilikataa majina yake matatu, ikataka mawili. Akalipunguza la babu yake, akajisikia vibaya, akaendelea. Akaagiza kahawia iliyokolea. Alipofika kwenye kile kisanduku alikiacha kitupu, akakitazama tena mara tatu kuhakikisha hajakigusa. Ujumbe ukaja: agizo lako linaandaliwa. Huu ni mwezi wa tano, bado linaandaliwa.

Duka la kona alilihama pia. Akiwa na kifurushi hukielekeza kwingine, mwendo wa nusu saa, na akikutana na Bwana Sheria barabarani kila mmoja hugeukia upande wake. Mdogo wake humtembelea Jumapili na chupa mbili za maziwa. Hukaa dakika kumi, anazungumzia barabara na bei ya dizeli, macho yake yako kwenye ukuta juu ya kichwa cha dada yake. Shangazi angependa amtazame, ila hajapata namna ya kumwambia.

Wifi alikutana naye mara moja tu, shuleni, siku watoto walipokuwa wanaimba jukwaani. Walifika mlangoni pamoja, ikawa hakuna pa kukwepea. Wifi alimtazama kifua kwanza, ndipo akamtazama usoni.

"Naona limekukaa vizuri," akasema.

"Limekaa," Shangazi akajibu.

Wakaingia ukumbini. Viti vilikuwa vingi na watu bado wachache, Wifi akakaa mbele, Shangazi akaenda kukaa nyuma karibu na ukuta. Watoto walipomaliza kuimba, kila mmoja alipiga makofi kutoka upande wake.